Gumzo la ukoo: Suali la skuli

Binti Ami: Asalaam alaykum wazee wangu. Mwalimu katwambia tueleze vyama vinavyopingana vikishirikiana maana yake nini, mie naona ni kugawana vyeo tu, au vipi?

Kaka Muscat: Waalaykum salaam. Vyeo vimo kweli. Katiba yetu Zanzibar ilibadilishwa 2010, chama cha pili kikatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wakagawanywa kwa hesabu ya viti

Shangazi Wete: Nyie wadogo hamkuyaona. Baada ya uchaguzi wa 95 huku Pemba watu wa chama tawala CCM na wa upinzani CUF tulikuwa hatuzikani. Babu yenu alipofariki jirani wa ukuta mmoja na sisi hakutia mguu, na sie kwao hatukwenda, duka lake hatununui. Halafu ikaja Januari 2001 watu wakapigwa risasi kwenye maandamano, wengine wakavuka bahari usiku mpaka Shimoni Kenya 😢

Kaka Muscat: Lakini shangazi miafaka, yale makubaliano ya CCM na CUF, si ilikuwepo, 99 na 2001, mbona haikushika

Ami Darajani: Ile walitia saini wakubwa tu, mwananchi kaisikia redioni. Ya Rais Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walikutana wenyewe Novemba 2009 kisha TUKAULIZWA sisi, kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa 31 Julai 2010, asilimia 66 tukasema ndio. Na uchaguzi wa mwaka ule Shein wa CCM kapata asilimia 50.1 Maalim 49.1, sasa hebu niambie hiyo 49 ungeiweka wapi? Ukiitia nje unatawala nusu ya watu. Hiyo ndo maana yake binti yangu, kila mtu kabaki na chama chake lakini hapana aliekuwa mgeni kwao

Kaka Muscat: Na 2015 matokeo ya uchaguzi yakafutwa, CUF wakasusia marudio, yote yakavunjika. Mie bado inaniuma

Ami Darajani: Inatuuma sote. Ndo maana Maalim alipokubali tena kuingia serikalini Desemba 2020 wengi tulimkasirikia, miezi miwili baadae kafariki

Shangazi Wete: Allah amrehemu. Mie nakwambia nilichokiona. Ramadhani ya 2010 iliingia kama wiki mbili baada ya kura, magharibi nasikia hodi, yule jirani kasimama na sahani ya futari, hakusema kitu na mie sikusema, nikaipokea nikalia

Binti Ami: Shangazi naweza kuiandika hiyo??

Shangazi Wete: Andika mwanangu. Jina lake tu usilitie, yule sasa mtu wangu