Tupeane uzoefu: Ndugu wanaolelewa nyumba tofauti, Desemba mnawakutanishaje?

MamaMlezi_Busia
Habari zenu wapendwa. Ninalea binti wa miaka 9, huu mwaka wa pili. Kaka yake ana miaka 12, yuko kwa walezi wengine Jinja. Kitinda mimba wao yuko kwa mama mmoja Mbale. Walipokosa mtu wa kuwachukua wote watatu ndipo wakagawanywa, na simlaumu mtu, hata mimi nilisema nina nafasi ya mmoja tu. Sasa tangu shule zifunge, swali ni lile lile asubuhi na jioni: "Krismasi tutakula wote?" Nimewaza nauli, nimewaza ruhusa, nimewaza pa kulala maana kitanda ni kimoja. Mlioyapitia, mlifanyaje? Nataka yaliyowatokea, mahubiri nayapata kanisani.

BibiWaBombo
Mama, kwetu ilikuwa Idi, lakini shida ni moja. Mara ya kwanza tuliwakutanisha hotelini, kuku na chipsi na soda, saa 3 nzima. Weee! Walikaa kama wageni msibani. Mkubwa anachezea kifuniko cha soda, mdogo ananitazama mimi kana kwamba niwaanzishie mazungumzo. Nilirudi nyumbani na uchungu.

Idi iliyofuata nikasema waje kwangu siku 4, na kazi watafanya. Nikawapa matoke wamenye, kisu kwa mkubwa, sufuria ya maji kwa mdogo. Utomvu ukawaganda vidoleni, mmoja akampaka mwenzake shavuni, basi. Siku ya pili waligombana nani aende kuchota maji, wakapigizana kelele mpaka jirani akachungulia. Mimi niko jikoni nacheka peke yangu. Mtoto hagombani hivyo na mgeni.

BabaK_Mbarara
Ruhusa usiiache mpaka Desemba. Mtoto aliwekwa kwako kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya (sisi tunasema "probesheni"), kwa hiyo yule afisa ndiye wa kwanza kujua mtoto analala wapi na kwa siku ngapi. Mimi nilianza Oktoba. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili, akanipigia simu kuniuliza mambo ambayo yangetosha mistari mitatu.

La pili, mweleze mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji huku kwetu Uganda). Sikufanya hivyo mwaka wa kwanza, na siku ya pili mtaa mzima ulikuwa unanong'ona kwamba nimeleta watoto wasiojulikana. Makamu wake ndiye katibu wa ustawi wa watoto kijijini, tena kisheria, ingawa wengi wetu tunamjua kwa kugonga mihuri tu. Alikuja, akakunywa chai, akawauliza watoto wenyewe, minong'ono ikaisha.

Mlezi_Nakivale
Dada, uliza mapema wanaongea lugha gani. Huyu wangu anaongea Kiswahili chetu cha Kongo. Mdogo wake alichukuliwa na familia ya Masaka akiwa mdogo sana. Walipokutana, mtoto anajua Luganda tu. Msichana alimwita kwa lile jina la utani la nyumbani, mtoto hakugeuka. Sitaisahau sura yake.

Kilichosaidia ni mchezo wa kwepena. Tulifunga mpira wa karatasi na kaveera (mfuko wa plastiki), wawili wa kurusha, mmoja katikati wa kukwepa, na hapo lugha si lazima. Jioni msichana alikuwa ameshajua Luganda cha kutukana. Siku hizi wanapigiana simu kila Jumapili, mama wa Masaka anatafsiri.

AsiyetajaJina
Mimi naandika upande wa pili. Siku ya kurudi, wangu alijifungia chooni. Dereva wa takisi anapiga honi, dada yake analia nje ya mlango. Baada ya hapo alikojoa kitandani wiki nzima, mtoto wa miaka 10. Niliwaza kama ningeacha tu asimwone.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia siku ya kuondoka, nilidhani namwepusha na huzuni. Likizo iliyofuata tulichora siku ukutani kwa mkaa, anafuta moja kila asubuhi. Alilia bado. Lakini alipanda takisi mwenyewe.

Kondakta_Iganga
Kuhusu nauli nawaambia kama mtu wa barabarani. Ikifika tarehe 22 au 23 bei inapanda kila saa, na mtoto atapakatwa na mtu asiyemjua. Safirini wiki moja kabla, asubuhi. Na mtu mzima awe naye, msimkabidhi mtoto kwa dereva kama gunia la mihogo, hata kama dereva ni mimi. Mfuko ukikataa kabisa, subirini likizo ya Agosti, nauli ina adabu.

MamaMlezi_Busia
Asanteni sana. AsiyetajaJina, pole mno, leo hii nanunua mkaa. Nimempigia mama wa Mbale, kumbe naye alikuwa anaogopa kunipigia, alidhani ninataka kumnyang'anya mtoto! Tumeongea mpaka salio likaisha. Yeye ataleta mdogo tarehe 16, baba wa Jinja anamleta kaka mtu siku hiyo hiyo, na afisa ameshakubali kwa simu, barua kesho. Pa kulala nimetandika mkeka sebuleni na magodoro mawili juu yake. Binti ameshachagua katikati.

BibiWaBombo
Na neti kubwa, mama. Mbu wa Busia hawana likizo.