Kantangaze kwenye nyanya: feromoni, taa au dawa?

NyanyaKisesa: Habari wakuu. Nina nusu eka ya nyanya huku Kisesa na kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya, ameshaingia. Majani ya chini yana mabaka meupe, ukilipasua jani unakuta kiwavi na kinyesi cheusi. Muuza pembejeo anasema mtego wa feromoni, jirani anasema taa ya sola juu ya beseni, mwingine ananiambia piga dawa tu. Hela inatosha kitu kimoja. Nianze na kipi?

NgoshaMagu: Taa sahau, hasa ukiwa karibu na ziwa. Asubuhi beseni linajaa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, nondo wako humwoni. Taa inavuta kila chenye mabawa, hata wadudu rafiki. Feromoni ni harufu ya jike wa kantangaze, inamwita dume wake basi.

DadaPembejeo: Ni kweli, ila tusimpe matumaini hewa. Inanasa madume tu, na dume mmoja hupanda majike kadhaa. Wakibaki wachache kazi inaendelea, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka 260. Mtego mmoja au miwili ni wa kukupa taarifa: idadi ikipanda, unaingia na dawa viwavi wakiwa bado wadogo. Ukitaka mitego ipunguze wadudu yenyewe, huwekwa 20 hadi 40 kwa hekta. Kwa nusu eka ni minne hadi minane.

NyanyaKisesa: Minane, na vidonge vyake vya feromoni vya kubadilisha? Si bora dawa!

MzeeBustani: Dawa ipi, mwanangu? Kiwavi kajificha ndani ya jani. Hizi za jamii ya pairethroidi ameshazizoea sehemu nyingi. Tafuta inayopenya jani, mfano abamektini, na awamu ijayo badilisha kundi la dawa, siyo kubadilisha jina la chupa tu.

AgroNyegezi: Wenye mashamba ya lozi kule California wana njia ya tatu. Hawahangaiki kunasa nondo wa huko. Wanasambaza harufu ya jike shamba zima mpaka dume hajui jike yuko wapi. Inafaa eneo likiwa kubwa. Kwa nusu eka, majike walioshapandwa wanaingia kutoka kwa jirani na kutaga kama kawaida. Kwako nashauri mitego miwili ya taarifa, hela nyingine weka kwenye dawa sahihi.

NyanyaKisesa: Sawa mkuu. Kuutega je?

DadaPembejeo: Beseni la maji yenye sabuni kidogo, liweke chini kati ya matuta. Kidonge kining'inie kwa waya juu kidogo ya maji, usikishike kwa mkono mtupu. Badilisha baada ya wiki 4 hadi 6. Kiangazi hiki maji yanakauka haraka, ongeza mara kwa mara. Majani yenye mabaka yachume uyafukie, usiyaache pembeni mwa shamba.

NgoshaMagu: Na kabla hujalipa, uliza kidonge kilitunzwa wapi. Kama kilikaa rafuni juani badala ya friji, achana nacho.