Misuli kuchoka mapema, na ukoo una kisukari

Mkaazi wa Kibokoni
Assalamu alaykum. Nina umri wa miaka 34, naishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya kale, na kila mifereji inapokauka hununua maji kwa mwenye mkokoteni na kuyapandisha mwenyewe, mtungi wa lita 20 kila safari. Zamani nilipanda bila kutua. Siku hizi, kabla sijamaliza ngazi za ghorofa ya pili, mapaja yananiwaka na vidole vinaanza kuachia mkono wa mtungi. Baba ana kisukari cha aina ya pili, na marehemu bibi alikuwa nacho pia. Nilipima sukari kabla ya kufungua kinywa, ikawa 5.4. Je, uchovu huu waweza kutokana na ukoo wetu ilhali sukari haijapanda?

Muuguzi mstaafu
Waalaykumu salaam, mwanangu. Yawezekana, ila usikimbilie kuamua. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari ambayo insulini huiondoa damuni, na kwa wengi wenye ukoo kama wako misuli hiyo huanza kuwa mizito kuitikia insulini miaka mingi kabla ya kipimo kubadilika, kwa kuwa kongosho hufidia kwa kutoa insulini zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapima vijana wembamba, wazima, waliozaliwa na wagonjwa wa kisukari na ambao insulini ilikuwa haiwafanyii kazi vyema, wakaona kwamba mitokondria za misuli yao, yaani yale majiko madogo ya ndani ya seli yanayochoma chakula kiwe nguvu, zilizalisha pungufu kwa takriban asilimia 30. Lakini walipimwa wakiwa wamepumzika. Hakuna aliyebebeshwa mtungi. Kwa hiyo pima pia wingi wa damu, tezi ya shingo, na wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambao ukiwa baina ya asilimia 5.7 na 6.4 ni wa kuangaliwa.

Mwalimu wa mazoezi, Tudor
Mimi naona tunamtwika baba mzigo usio wake. Dada, baina ya ukame mmoja wa mifereji na mwingine, huwa unabeba nini? Mama yangu ana kisukari, nami nilianza kwa kuinuka kitini mara kumi bila kushika popote, kisha matembezi ya baada ya alasiri pale ufukweni Mama Ngina. Msuli unapofanya kazi huivuta sukari hata bila kuingoja insulini. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, na siku mbili za kuitia misuli nguvu.

Mkaazi wa Kibokoni
Kusema kweli sibebi kitu. Kazi yangu ni ya kukaa. Leo nimepima wingi wa damu: 9.8. Kipimo cha miezi mitatu nitakifanya Jumatatu.

Muuguzi mstaafu
Mwanamke asiye mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 12, basi hapo pana sababu ya kutosha ya kutua njiani. Mwambie daktari kabla ya Jumatatu, kwa maana upungufu wa damu huweza kukipotosha kipimo hicho cha sukari. Na mitungi akupandishie mtu mwingine kwanza.