Ile piza ya mstatili ya shuleni Marekani: unga wake unakuwaje?

Swali: Jamani, nilisoma Marekani, na ladha ya ile piza ya mstatili ya kantini haijanitoka hadi leo. Ilikuwa nene, laini katikati, chini inakwaruza kidogo. Nikikanda unga wa kawaida napata piza nzuri, lakini si ile. Siri ni nini?

Jibu: Usikande, dada. Ule ni unga wa kumimina, kama wa chapati za maji ila mzito zaidi. Changanya unga wa ngano, maziwa ya unga, sukari, chumvi, hamira, mafuta na maji vuguvugu. Paka trei mafuta, nyunyiza unga wa mahindi (ndio ule mkwaruzo), mimina, acha dakika 20. Oka kwanza bila kitu juu, nyuzi 245 za Selsiasi, dakika 10 hivi. Maziwa ya unga usiyaache kabisa!

Jibu: Naongezea: mozarela (jibini ya piza) iwe ile kavu ya kukwaruza. Mbichi inatoa maji, piza inalowa.

Muulizaji: Asanteni sana! Na nyama?

Jibu: Ya kusaga. Ikaange, chuja mafuta, tawanya juu ya sosi, jibini ifuate.