Tupeane uzoefu: Bolti, nati na skrubu zilivyotusumbua forodhani

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za kazi. Tunaoleta bolti, nati, skrubu na washa tuelezane yaliyotukuta kwenye msimbo wa HS (namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa forodhani), maana hasara za kimyakimya ni nyingi.

Naanza mimi. Nauza spea za malori mtaa wa Gerezani. Kontena langu la kwanza lilikuwa na bolti za tairi na yu-bolti (zenye umbo la herufi U) za springi. Muuzaji wa China aliandika kwenye ankara "vipuri vya malori", wakala wangu naye akatangaza 8708, vipuri vya magari. Mzigo ukakaguliwa, ukahamishiwa 7318, ya bolti, nati, skrubu na washa za chuma. Nilibishana kwa siku mbili: bolti hii haiingii popote isipokuwa kwenye gurudumu la lori, itakuwaje isiwe kipuri cha lori?

Afisa mmoja mwenye subira akanifungulia kitabu cha misimbo. Maelezo ya Sehemu ya XV, ya metali, yanaitaja 7318 kati ya "vifaa vya matumizi ya jumla", na Sehemu ya XVII, ya magari, inavitoa vifaa hivyo nje hata kama vimetengenezwa kwa gari moja tu. Kwa hiyo bolti ya chuma inabaki bolti. Yu-bolti nazo zinaingia 7318.15. Nilikuwa nimekosea tangu mwanzo, na zile siku mbili za ubishi nililipia storeji, gharama ya mzigo kukaa bandarini.

Wakala wa forodha, Mombasa

Pole sana ndugu yangu. Kosa hilo naliona kila mwezi, na sisi mawakala tunachangia, kwa sababu wengi hunakili maneno ya ankara bila kuuona mzigo wenyewe.

Kilichonifunza mimi ni zile fimbo za chuma zenye thredi (mikato ya mzunguko kama ya skrubu) mwanzo hadi mwisho, za kuning'inizia mabomba na dari. Mteja alinipigia simu akaniambia ni "fimbo za chuma". Nikatangaza kama fimbo, 7215. Zikarudishwa 7318.15, kwa sababu fimbo ikishachongwa thredi hivyo inahesabiwa pamoja na bolti. Nilimlipia mteja sehemu ya faini kutoka mfukoni mwangu, maana kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo sijazi tamko bila picha na sampuli mkononi. Naangalia ncha, thredi na kichwa, kisha namuuliza mteja inaingia kwenye nini. Skrubu ya mbao ni 7318.12. Ile inayojichongea njia yenyewe kwenye bati ni 7318.14, na zile za paa zenye washa ya mpira huwa nazipeleka huko. Msumari wa bati hauna uhusiano nazo kabisa, huo ni 7317. Kwenye mtandao wa wauzaji zote hutajwa kwa jina moja, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Mama Hardware, Mwanza

Asanteni kaka zangu. Mimi mzigo wangu ulikuwa mchanganyiko: misumari, skrubu, nati, na vile vya plastiki vya kutia ukutani kabla ya skrubu. Orodha ya mzigo ilikuwa na mstari mmoja tu, "vifaa vya ujenzi", na uzito wa jumla. Ilibidi vijana wafungue katoni moja moja wapime kwa mizani. Vile vya plastiki vilihamia Sura ya 39, kumbe chuma na plastiki havikai pamoja.

Sasa simlipi muuzaji salio mpaka aniletee orodha yenye aina, malighafi na kilo za kila katoni.

Na jambo moja msilisahau. Ukiona uamuzi wa forodha hauko sawa, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229, inakupa siku 30 kuomba Kamishna aupitie upya. Mimi nilikaa nikilalamika kwa majirani hadi siku zikapita.

Mchangiaji, Rotterdam

Huku Ulaya kosa la msimbo linauma zaidi. Februari 2022 Umoja wa Ulaya uliweka ushuru dhidi ya bei ya kutupa (bidhaa kuuzwa nje kwa bei ya chini isivyo haki) kwa skrubu, bolti na washa nyingi za chuma kutoka China, kati ya 22.1% na 86.5%. Za chuma kisichoshika kutu hazimo. Kwa hiyo hapa ghalani kwetu cheti cha malighafi kinasomwa kabla ya kitu kingine chochote.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana. Dada wa Mwanza, hilo la salio naliiga leo. Mzigo wangu unaofuata una springi washa, washa za kawaida na riveti. Nimeshamwandikia muuzaji azifunge kila aina peke yake na kila moja aiandikie kilo zake: 7318.21, 7318.22 na 7318.23. Wakala, nakutumia picha jioni hii uzitazame kabla hazijapakiwa.