Nina mashine ya mawese Kigoma: nikope ninunue mtambo wa kusafisha, au nibaki na mafuta mekundu?

ChikichiMwandiga:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri wa kweli, hili jambo linaninyima usingizi.

Nakamua mawese Mwandiga, mwaka wa saba sasa, na vijana watano. Chikichi nanunua kwa wakulima wa jirani. Nyingi ni ile ya zamani, Dura, kokwa nene nyama kidogo. Nauza kwa madumu ya lita 20 hapa mjini, mengine yanakwenda Tabora na Dar. Mise, zile mbegu za ndani ya kokwa, wanachukua watengeneza sabuni.

Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipokwamisha alizeti, na Indonesia ikazuia mawese yake kutoka nje tangu 28 Aprili hadi 23 Mei, bei ilipaa na wachuuzi walilala mlangoni kwangu. Nikapanua banda, nikaongeza mapipa ya kuchemshia. Bei iliposhuka, wachuuzi walewale wakahamia kwenye mafuta meupe ya kupima, yale yaliyosafishwa kiwandani. Sikuwakosea neno. Ndipo nikaelewa kuwa bei ya dumu langu inaamuliwa mbali sana na Mwandiga.

Sasa benki iko tayari kunikopesha milioni 60 ninunue mtambo wa kusafisha, nami nitoe mafuta meupe. Dhamana ni nyumba. Wakati huohuo kuna mnunuzi wa Dar anataka madumu 100 ya mekundu kila mwezi, lakini yasiwe makali kooni, rangi isibadilike, na yawe na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Wengine wananiambia nivuke mpaka wa Manyovu nikauze Burundi. Mke wangu hataki nyumba iguswe. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

MzeeWaUjiji:
Marahaba mwanangu. Msikilize mama watoto. Nyumba ni ya wote wawili.

FundiMitambo:
Mkuu, nimefanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta Dar. Anayekunyang'anya wateja si mkulima wa Malaysia peke yake, ni pamoja na kiwanda cha aina ile niliyofanyia. Mafuta ghafi yanakuja na meli, maelfu ya tani kwa mkupuo, yanasafishwa pale pwani. Ushuru nao umepangwa hivyo: bajeti ya 2018/19 iliweka asilimia 25 kwa ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa. Viwango hivyo vinaweza kuguswa kila Juni, kwa hiyo usijenge biashara juu ya ushuru.

Kusafisha ni kuondoa asidi, rangi na harufu. Kunataka mvuke, udongo maalumu wa kung'arishia, umeme usiokatika, na kuna mafuta yanayopotea njiani. Mwenye mtambo mkubwa hasikii gharama hizo kwenye kila lita. Wewe utazisikia. Utalipia milioni 60 ili uondoe ule wekundu, ambao ndio wenye vitamini A, upate mafuta yanayofanana na yao kwa gharama kubwa kuliko yao.

BintiKasulu:
Kaka Fundi hesabu yako naikubali, lakini tusimpe moyo wa bure. Nina duka. Vijana wa siku hizi wananiambia mawese yananuka na yanachafua nguo. Mteja wa mekundu yupo, ila anapungua, na wa Dar ni mmoja. Akiacha kupiga simu mwezi wa tatu, hayo madumu 100 yanakwenda wapi?

ChikichiMwandiga:
Dada, hapo ndipo ninapoogopa hata mimi.

NjiaYaManyovu:
Mimi navusha mizigo Manyovu. Bidhaa ya Tanzania haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili, kinachoonyesha imetoka hapa nchini, na mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi unachopata palepale mpakani. Hiyo ni habari njema. Mbaya ni kwamba Warundi wana michikichi yao Rumonge, kandokando ya ziwa letu hilihili, na dola kwao ni ya kutafuta kwa tochi. Utalipwa faranga, na faranga ukichelewa kuibadilisha inayeyuka mkononi. Mimi ningepeleka sabuni, si mawese.

FundiMitambo:
Turudi kwenye ule ukali wa kooni. Mashada yakishakatwa yanakaa siku ngapi kabla hujachemsha?

ChikichiMwandiga:
Nne, mara nyingine tano. Tunayarundika ili chikichi zichomoke kirahisi. Ndivyo tulivyokuta wazee wakifanya.

FundiMitambo:
Basi tatizo liko hapo, mkuu. Chikichi ikipondeka na kukaa, asidi inapanda kila siku, na ukishakamua huwezi kuirudisha. Chemsha ndani ya siku moja. Wakulima wako wakate kwa zamu, kijiji hiki Jumatatu, kile Jumatano, na uwaongezee kidogo kwa shada bichi. Kuchambua kutakuwa kazi zaidi, ongeza kijana mmoja. Halafu wakaulize miche ya Tenera, ile chikichi chotara, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga; kokwa yake nyembamba. Miaka mitatu hivi inaanza kuzaa.

Na Dada wa Kasulu amesema kweli: usimpe wa Dar mzigo wako wote. Mpe theluthi, na ile hela ambayo ungekuwa unarejesha benki itumie kutafuta wanunuzi wengine wawili.

BintiKasulu:
Yakiwa hayana ukali nami niletee madumu matano. Nitayaweka kwenye chupa za lita moja nione.

ChikichiMwandiga:
Asanteni sana. Mkopo nimeuacha, mke wangu nimemsomea uzi wote. Kesho nakwenda kukaa na wakulima tupange zamu, na wa Dar nitaanza naye kwa madumu 20, huku nikifuatilia TBS. Fundi, madumu lazima yawe mapya?

FundiMitambo:
Mapya, au yaliyobeba mawese tu. Lililowahi kubeba dizeli au dawa ya shamba usiliguse, hata lioshwe mara kumi.