Naomba ushauri: ABSN (digrii ya uuguzi ya haraka kwa wenye digrii tayari) ya miezi 16 au community college (chuo cha jamii)?

Habarini ndugu zangu, naombeni ushauri hasa mlioko Marekani. Nina digrii ya uhasibu ya Dar, saizi nipo Texas nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa wauguzi) usiku na hata kumgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku nafanya kwa moyo, nataka niwe RN (muuguzi aliyesajiliwa) kabisa. Transkripti nshapeleka WES (wanaotathmini vyeti vya nje), anatomia na maikrobaiolojia nasoma sasa. Nimeona ABSN ya miezi 16 yenye ithibati ya CCNE (wanaothibitisha programu za uuguzi) ila wanashauri usifanye kazi, na Pell Grant (ruzuku ya masomo ya serikali) sipati sababu digrii ninayo tayari. Community college ni miaka 2 ila unapata ADN (digrii ndogo ya uuguzi, chini ya BSN), nafuu, na zamu naendelea nazo. Mliopita ABSN mkiwa na watoto mliishije bila mshahara? Na hospitali za huku zinang'ang'ania BSN (digrii kamili ya uuguzi) au ukifaulu NCLEX (mtihani wa leseni ya uuguzi) inatosha?